Jina Kabla ya Sauti: Tamasha la Jazi la Kumuenzi Mwimbaji Mtangulizi na Buraanbur ya Wanawake wa Garissa

Mwaka 2022 mwimbaji wa jazi Somi, aliyezaliwa Marekani na wazazi waliotoka Rwanda na Uganda, aliiletea hadhira kazi mbili juu ya mtu mmoja. Ya kwanza ni albamu ya nyimbo za Miriam Makeba, iliyoitwa *Zenzile* kwa jina la kuzaliwa la mwimbaji huyo wa Afrika Kusini. Ya pili ni mchezo wa jukwaani wenye muziki, *Dreaming Zenzile*, ulioonyeshwa katika ukumbi wa New York Theatre Workshop mwaka huohuo. Katika mchezo huo Makeba yumo katika tamasha lake la mwisho, lile la Castel Volturno nchini Italia la Novemba 2008, ambalo alifariki punde baada ya kuliimba. Wahenga wamemjia, na maisha yake yanapita mbele ya hadhira wimbo baada ya wimbo.

Kazi hizi ni mfano mmojawapo wa utanzu uliokomaa sana katika muziki wa jazi, yaani tamasha la kumuenzi mwimbaji mwanamke Mweusi aliyetangulia. Abbey Lincoln aliziimba nyimbo za Billie Holiday. Dee Dee Bridgewater aliziimba za Ella Fitzgerald, kisha akaziimba za Holiday huyohuyo. Utanzu huu hautajwi sana katika uhakiki wa Kiswahili, pengine kwa sababu neno jazi lenyewe lilipofika Afrika Mashariki lilibadili makazi. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Western Jazz zilikuwa bendi za dansi, na mpenzi wa muziki wa miaka ya 1960 aliyelisikia neno hilo alifikiria magitaa na rumba kabla ya kumfikiria Holiday. Jambo hili dogo lina umuhimu wake, na litarejewa litakapotajwa muziki wa Mogadishu.

Swali la makala haya ni moja. Tamasha la namna hii linamheshimu nani hasa? Jibu la haraka ni kwamba linamheshimu mwimbaji. Hata hivyo wimbo una mwenye maneno pia, naye aghalabu si yule aliye jukwaani. Jazi imezoea kuitanguliza sauti na kumwacha mwenye maneno nyuma ya pazia. Ushairi wa Kisomali, ambao ndio fasihi kuu ya Garissa na ya Kaskazini Mashariki mwa Kenya kwa jumla, una kanuni iliyo kinyume kabisa na mazoea hayo, kanuni ya kulitaja jina la mtunzi kabla ya shairi. Lakini kanuni hiyo nayo haikuwatendea haki wanawake. Kwa kuziweka desturi hizi mbili uso kwa uso, kila moja inaonyesha kile ambacho nyingine imekisahau.

Uzito wa suala hili unaonekana vizuri katika wimbo wa “Malaika”, ambao msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa. Makeba ndiye aliyeutembeza duniani. Kabla yake Fadhili William alikuwa ameurekodi Nairobi na kudai kuwa ni wake. Wapo wanaomtaja Adam Salim kuwa ndiye mtunzi, na mabishano hayo hayajapata mwisho unaoridhisha pande zote. Ulaya na Marekani mabishano hayo hayakuwa na maana yoyote kwa wasikilizaji wengi: wimbo ulikuwa wa Makeba kwa kuwa sauti ilikuwa ya Makeba. Hali ni hiyohiyo kwa “Strange Fruit”, wimbo wa kupinga mauaji ya Weusi kule kusini mwa Marekani, ambao Holiday aliurekodi mwaka 1939. Maneno yake ni ya Abel Meeropol, mwalimu wa shule wa New York. Wasikilizaji wengi huamini hadi leo kwamba Holiday aliutunga mwenyewe, na hakuna tamasha la kumuenzi linaloona haja ya kuwasahihisha.

Mtu anaweza kujibu kwamba mwimbaji wa jazi ni mtunzi kwa njia yake. Huuvunja mstari, huuchelewesha, huubadilisha mahadhi, na wimbo aliokabidhiwa hutoka kinywani mwake ukiwa na maana ambayo mwandishi hakuiweka. Hoja hii ina nguvu, na ndiyo inayomwezesha mhakiki kuliita tamasha la Somi tendo la uhakiki na si la kuiga. Somi hajaribu kumrudisha Makeba mzima mzima. Anaziimba nyimbo hizo kwa upangaji wa leo, huku akiacha pengo lionekane kati ya sauti yake na ile ya mtangulizi, na ndani ya pengo hilo msikilizaji hupima umbali. Penye udhaifu ni kwamba umbali huo hupimwa kati ya sauti mbili tu. Waliotunga maneno, walio hai na waliokufa, hawamo miongoni mwa wahenga wanaokuja kumchukua Makeba.

Kanuni ya kulitaja jina

Kuna uzi wa kihistoria unaomtoa msomaji kwa Makeba na kumfikisha Garissa. Mei 1963 Makeba aliimba Addis Ababa mbele ya wakuu wa nchi waliokuwa wakiunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Katika mkutano uleule ujumbe wa Somalia uliliibua suala la Wasomali walioachwa nje ya mipaka ya jamhuri yao, wakiwamo wale wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini nchini Kenya, ambako Garissa ni mmoja wa miji mikuu. Julai 1964, mjini Cairo, umoja huo uliamua kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe. Kati ya mikutano hiyo miwili, tarehe 28 Desemba 1963, serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki. Vita vilivyofuata viliendelea hadi 1967, na sheria maalumu zilizoambatana navyo hazikufutwa hadi 1991. Haifai kumlaumu mwimbaji kwa maamuzi ya wanasiasa. Ila inafaa kukumbuka kwamba sauti iliyosherehekea umoja wa bara haikusikika vilevile kila mahali, na kwamba mahali ambapo haikusikika hivyo palikuwa na washairi wao.

Andrzejewski na Lewis, katika kitabu chao cha 1964 juu ya ushairi wa Kisomali, wanaeleza desturi ambayo msomi wa fasihi simulizi ya Kiafrika hawezi kuipita bila kusimama. Fasihi simulizi hufundishwa madarasani kana kwamba ni mali ya jamii nzima, isiyo na mtunzi anayejulikana. Kwa Wasomali mambo sivyo. Shairi la gabay au geeraar lina mwenyewe. Anayelighani mahali pengine ni mhifadhi. Anawajibika kulitoa kama lilivyotungwa, na kabla ya kuanza sharti amtaje mtunzi. Asiyefanya hivyo ametenda kosa lisilo dogo mbele ya hadhira. Hii ni hakimiliki isiyohitaji karatasi wala mahakama, na iliwahi kufanya kazi kwa jamii ambayo lugha yake haikupata hati rasmi ya maandishi hadi 1972.

Fani yenyewe husaidia uaminifu huo. Shairi la Kisomali hushikilia sauti moja ya mwanzo kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kiasi kwamba kila kipande cha mstari sharti kiwe na neno linaloanza kwa sauti hiyo. Mizani yake ni kali vilevile, ingawa ilibidi kungoja hadi 1976 ndipo mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, maarufu kwa jina la Gaarriye, alipoanza kuifafanua kwa maandishi gazetini. Ukilibadili neno moja, sikio linakushtaki. Mshairi wa Kiswahili anayelinda vina na mizani yake ataielewa hali hii bila shida, tofauti ikiwa kwamba Mswahili hulinda mwisho wa mshororo ilhali Msomali hulinda mwanzo wa neno.

Sasa tuangalie upande wa pili. Gabay, geeraar na jiifto ni bahari za wanaume. Wanawake wana yao, nayo ni buraanbur. Huimbwa arusini, katika kumkaribisha mgeni wa heshima, katika kuwasifu jamaa na kuwapatanisha. Wanawake huketi au kusimama duara, makofi na ngoma vikiwa vinakwenda, na pasipo na ngoma hata debe au jerikeni hutosha. Mmoja hughani, mwingine huingia katikati akacheza, kisha akampisha mwenziwe. Kwa kuwa mkusanyiko huu aghalabu ni wa wanawake peke yao, wahifadhi wa kiume ambao ndio waliosambaza mashairi kutoka kisima hadi kisima hawakuwamo. Zainab Mohamed Jama, katika makala yake ya 1991, alilishika jambo hili kwa uwazi uliokosekana kwa waliomtangulia: wanawake walitunga kwa wingi, lakini hawakuwa na njia ya kusikika mbali. Lidwien Kapteijns, katika kitabu alichokitoa mwaka 1999 akishirikiana na Maryan Omar Ali, aliendeleza uchunguzi huo hadi katika nyimbo za redio.

Matokeo yake ni ya kusikitisha kidogo. Kanuni iliyomlinda mshairi mwanamume kwa kulitaja jina lake ilimwacha mshairi mwanamke bila ulinzi, kwa sababu haikumfikia mtu wa kumtaja. Buraanbur ilimpa mwanamke maneno pasipo umaarufu.

Jazi ya Kisomali

Umaarufu ulikuja kwa mlango mwingine, nao ulimpa mwanamke sauti pasipo maneno. Katika miaka ya 1940 dereva wa lori Cabdi Deeqsi, aliyejulikana kama Cabdi Sinimo, alianzisha huko kaskazini nyimbo fupi za mapenzi zilizoitwa belwo. Mwanamke mmoja alijiunga mapema na waimbaji hao, akajulikana kwa jina la Khadiija Belwo: jina la utanzu likawa jina lake. Masheikh waliushutumu mtindo huo, na baadhi yao walitunga mashairi ya kuupinga. Belwo ilikua ikawa heello, ambayo Johnson (1974) ameifuatilia hatua kwa hatua, na heello ndiyo iliyotawala redio na majukwaa ya Mogadishu na Hargeisa.

Katika heello kazi iligawanywa. Mmoja alitunga maneno, mwingine akatunga lahani, wa tatu akaimba. Mtangazaji wa redio ya Kisomali alizoea kuyataja yote matatu kabla ya santuri au kanda kuanza: maneno ni ya fulani, lahani ni ya fulani, sauti ni ya fulani. Hapa ile kanuni ya zamani ya nyikani imeingia studio bila kupoteza heshima yake. Mtu aliyesikiliza redio Garissa au Wajir katika miaka ambayo wakazi wake walihitaji kibali kwa mambo mengi ya kawaida alikuwa anafundishwa historia ya fasihi kila wimbo ulipotangazwa. Hata hivyo mgawanyo wenyewe ulielemea upande mmoja: wanawake wengi walikuwa katika nafasi ya tatu. Halima Khaliif Omar, Magool, aliyefariki Amsterdam mwaka 2004, aliabudiwa na wasikilizaji. Ni mashuhuri kisa cha shabiki wa Sudan aliyemwandikia barua kwa damu. Kisa hicho kilizaa mojawapo ya mashairi maarufu kabisa ya mapenzi katika Kisomali, lakini mtunzi wake ni Hadraawi. Magool alikuwa sababu ya shairi. Hadraawi alikuwa mshairi.

Maryam Mursal ndiye mtangulizi anayehusika zaidi na mada hii, kwa kuwa muziki wake uliitwa waziwazi jazi ya Kisomali. Alizaliwa mwaka 1950, na mwaka 1966, akiwa kijana wa miaka 16, alianza kuimba katika vilabu vya Mogadishu, mahali ambapo mwimbaji wa kulipwa alitarajiwa kuwa mwanamume. Jazi hiyo, kama zile za Dar es Salaam na Morogoro, haikuwa ya Holiday wala ya Fitzgerald. Ilikuwa jina la usasa wa mjini, lililobeba magitaa, ala za kupuliza, lahani za Kisomali na athari za Bara Arabu kwa pamoja. Baadaye alikuwa mmoja wa nyota wa Waaberi, kundi kubwa la taifa. Wimbo wake “Ulimada”, uliousema utawala wa Siad Barre kwa mafumbo, ulimfanya apigwe marufuku jukwaani, akaendesha teksi ili aishi. Vita vilipoivunja Mogadishu mwaka 1991 alitoka na watoto wake watano, akasafiri kwa miezi kadhaa kupitia Kenya na Ethiopia hadi Djibouti, kisha akapata hifadhi Denmark.

Kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu mbili zenye sauti yake, *New Dawn* ya mwaka 1997 kwa jina la Waaberi, na *The Journey* ya mwaka uliofuata kwa jina lake mwenyewe. Albamu hizi zinafaa kusomwa kama majaribio mawili ya kumuenzi mwimbaji akiwa hai, na zinatofautiana sana. *The Journey* ndiyo iliyosifiwa zaidi Ulaya. Imejaa magitaa ya umeme na midundo ya studio, na Peter Gabriel mwenyewe anasikika katika uitikiaji. Sauti ya Mursal inaishinda mashine, kwa kuwa ni sauti nzito yenye mikwaruzo inayojua kungoja. Lakini maneno yanakuwa rangi miongoni mwa rangi. Msikilizaji asiyejua Kisomali hana anachokikosa, na hilo ndilo kosa la albamu. Katika *New Dawn* udi na ngoma vinakaa chini ya neno. Konsonanti ya mwanzo inagonga, inarudi, inagonga tena, na hata asiyeijua lugha anatambua kwamba hapa pana sheria inayofuatwa. Kwa mizani ya fasihi *New Dawn* ndiyo albamu bora, ijapokuwa haikuuza jina la mtu mmoja.

Pamoja na hayo *The Journey* ina jambo ambalo haifai kulipita. Ndani yake umo wimbo “Qax”, neno lenye maana ya kukimbia makwao kwa watu wengi, na mwingine unaowakanya Wasomali wasijitie aibu. Mwanamke aliyezoea kuimba maneno aliyotungiwa sasa anaimba safari aliyoitembea kwa miguu yake. Vyovyote ilivyokuwa katika uandishi wa kila mstari, mgawanyo wa kazi wa heello umetetereka: mwenye sauti na mwenye kisa wamekuwa mtu mmoja. Hapo jazi ya Kisomali imerudi karibu na buraanbur, ambamo anayeghani husema aliyoyaona.

Garissa

Njia iliyomtoa Mursal Somalia ndiyo iliyoleta maelfu ya wengine Kaskazini Mashariki. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa karibu na Dadaab mwaka 1991 na 1992. Watu waliofika huko walikuwa na nyimbo kichwani, na kanda zilizookolewa zilikuwa na thamani ambayo mtu wa nje huenda asiione. Hargeisa, kanda za redio zilifukiwa ardhini mwaka 1988 ili mabomu ya ndege yasiziharibu. Sehemu ya hazina hiyo ilisikika upya katika mkusanyo *Sweet as Broken Dates* wa mwaka 2017. Kwa Garissa hali ilikuwa tofauti. Mji huu ulikuwa na majeraha yake kabla ya wakimbizi kufika. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Karatasi uliteketezwa katika operesheni ya vyombo vya usalama, na watu waliuawa. Februari 1984 yalifuata mauaji ya Wagalla huko Wajir. Kwa miaka mingi habari hizo hazikuwa na mahali rasmi pa kusemwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipoanza vikao vyake vya hadhara Aprili 2011, ilianzia Garissa, na iliwawekea wanawake vikao vyao peke yao.

Mpangilio huo wa vikao unamgusa mhakiki wa fasihi. Tume ilitambua, kwa sababu zake yenyewe, kwamba mwanamke wa huku husema zaidi mahali ambapo wanaomsikiliza ni wanawake. Buraanbur ilikuwa imelijua hilo siku nyingi. Kwa hiyo wale wanaouliza ni kwa nini Garissa haina ukumbi wa kumuenzi Mursal au Magool kama ule wa New York wanauliza swali lililokosewa. Ukumbi wenye tiketi, taa na hadhira mchanganyiko unagongana na mjadala wa kidini juu ya mwanamke kuimba hadharani, mjadala ambao ulikuwapo tangu masheikh walipoishutumu belwo na ambao umekuwa mkali zaidi baada ya 1991. Mhakiki anaweza kuwa na maoni yake. Hawezi kuufanya kama kwamba haupo. Siti binti Saad wa Unguja alikabiliwa na shutuma za namna hiyo, na aliimba akiwa amejistiri. Katika arusi ya Garissa mlango ukishafungwa, mwanamke aliyekuja na shairi lake hana wa kumwomba ruhusa. (Mtafiti wa kiume naye hubaki nje ya mlango huo, na uhakiki mwingi wa buraanbur ulioandikwa na wanaume unastahili kusomwa kwa tahadhari kwa sababu hiyo moja.)

Kundi la Gargar linaonyesha kinachotokea mlango unapofunguliwa kiasi. Ni kundi la wanawake wa Garissa waliorekodiwa na Ketebul Music ya Nairobi, na albamu yao inaitwa *Garissa Express*. Jina la kundi lina maana ya msaada. Ukiisikiliza baada ya *The Journey*, jambo la kwanza linalokupiga ni kwamba hakuna nyota. Mmoja anaongoza, wengine wanampokea, na kiitikio hakimwachi peke yake hata pale ala za studio zinapoingia. Ala zenyewe zinakubali kuwa wageni. Mdundo unatoka katika makofi, na gitaa linaufuata badala ya kuuongoza. Kwa mtu aliyezoea jazi hii ni hali ya kugeuzwa mambo: katika jazi bendi huweka uwanja na mwimbaji huucheza, kwa Gargar wanawake ndio uwanja.

Je, kuna utukuzaji wa mtangulizi hapa? Upo, lakini si wa kumtaja mtu mmoja aliyekufa na kuziimba nyimbo zake kwa mpangilio. Kila mwenye kuongoza anachukua nafasi ambayo ilikuwa ya mwingine, na kuichukua kwenyewe kunahitaji atunge au aongeze. Mtu haingii katikati ya duara la buraanbur kurudia ya jana kama yalivyo. Kwa maana hii buraanbur iko karibu na jazi kuliko heello ilivyo: zote mbili humheshimu aliyetangulia kwa kuongeza. Tofauti yao ni kwamba mwanajazi huongeza katika sauti, na mwanamke wa Garissa huongeza katika maneno. Somi akimwimba Makeba, anabadili mahadhi na kuyaacha maneno. Mghani wa buraanbur huyashika mahadhi yaleyale, akabadili maneno.

Udhaifu wa *Garissa Express* unatoka hapohapo. Jina lililo juu ya jalada ni la kundi. Msikilizaji hapati kile ambacho mtangazaji wa zamani alimpa bila kuombwa, yaani maneno ni ya nani, lahani ni ya nani, sauti ni ya nani. Inawezekana kutetea hali hiyo kwa kusema kwamba nyimbo ni za jadi. Utetezi huo ndio ule uliotumiwa kwa “Malaika” na kwa nyimbo nyingine nyingi za Afrika zilizosajiliwa ng'ambo kuwa hazina mwenyewe. Na kwa Wasomali, ambao mila yao yenyewe inamtaja mtunzi, utetezi huo una kasoro maradufu. Neno jadi likitumiwa kwa shairi la mwanamke mara nyingi huwa na maana moja tu, kwamba hakuna aliyemuuliza.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuhisi kwamba mambo haya yako mbali naye, katika lugha asiyoijua. Hayako mbali. Barawa, katika pwani ya kusini ya Somalia, lugha ya Chimwiini ilimpata Dada Masiti, mwanamke aliyefariki katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 akiwa mzee sana. Tenzi zake za kidini zilihifadhiwa kwa moyo na wanawake wa mji huo. Nyingine ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na kaburi lake limekuwa likizuriwa. Watu wa Barawa walipokimbia baada ya 1991 walifika Mombasa na Dadaab, na tenzi hizo zilikuja nao. Zinasomwa pamoja na jina lake, jambo ambalo halikumtokea mtunzi yeyote wa kike wa buraanbur wa kizazi chake. Sababu si ubora. Dada Masiti alikuwa na wanawake wa mji waliosoma, waliokutana kila mwaka, na waliokuwa na jambo la ibada lililowalazimu kumtaja. Aliyeghani kisimani au katika manyatta ya Garissa hakuwa na ziyara.

Kama tamasha la jazi la kumuenzi mwimbaji lina la kujifunza Garissa, basi ni utaratibu wa yule mtangazaji wa redio, ambao hauchukui hata nusu dakika kabla ya bendi kuanza. Na kama wanawake wa Garissa wana la kuchukua kutoka kwa Somi, ni ule ujasiri wake wa kusimama peke yake mbele ya umma na kusema kwamba jioni nzima ni ya mwanamke mmoja mwenye jina. Watunzi wa kike wa miaka ya 1960 na 1970 wa Garissa, Wajir na Mandera walikuwa na binti na wajukuu, na wengi wa hao wako hai. Wanajua ni nani aliyetunga buraanbur ya arusi ya nani. Vyuo vina vinasa sauti, vina wanafunzi wa kike wanaokizungumza Kisomali tangu utotoni na ambao milango ile haifungwi usoni mwao, na vina wahadhiri wa Kiswahili ambao hadi sasa wamefundisha fasihi simulizi ya Kenya kana kwamba inakomea kwenye Mto Tana.